Nilivyoweza Kutangaza Mpira, Pete, Ngumi na Marathoni

Nilipohamia televisheni nikitokea redioni, kila mkubwa niliyemkuta alikuwa na ushauri uleule: "Dogo, shika mpira wa miguu tu, hayo mengine yatakuharibia jina." Ushauri huo unanikera mpaka leo. Wa kutangaza Simba na Yanga wamejaa. Anayetafutwa ni wa kukaa kwenye maiki Jumatano mchana, ligi ya mpira wa pete ikiwa hewani.

Pete nilifundishwa na waamuzi. Nilikuwa nafika uwanjani mapema, nawanunulia soda, nawauliza sababu ya kila filimbi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwenye mpira ana sekunde 3 tu za kuuachia, kwamba GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji) peke yao ndio wanaofunga, na kwamba pasi ya katikati, ile ya kuanzisha mchezo, ni ya zamu bila kujali nani kafunga. Zile herufi za kifuani zikikukaa kichwani, ukimwona GD (mlinzi) kavuka eneo lake unajua filimbi inakuja.

Ngumi hazikunisumbua. Nilijizoeza kujaza karatasi kama jaji, 10 kwa aliyeshinda raundi, 9 kwa aliyeshindwa, raundi kwa raundi.

Marathoni ndiyo iliyonipa heshima. Zaidi ya saa 2 watu wanakimbia tu, utasema nini? Wengi husoma wasifu wa wakimbiaji, dakika ya 20 wamekwisha. Mimi nilipiga hesabu nikaandika kadi. Kilomita moja kwa dakika 3 kamili, mbio zinaisha kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 35. Kwa 3:05 ni 2:10:06. Kwa 3:10 ni 2:13:37. Yaani sekunde 5 tu za kila kilomita zinakula dakika 3 na nusu kufika mwisho! Kadi niliibandika kwa selotepu chini ya skrini. Muda wa kila kilomita 5 ukitokea, nagawa kwa 5, natupa jicho kwenye kadi, namwambia mtazamaji mbio zinaelekea wapi. Prodyusa alidhani nina mtu ananitumia takwimu.

Usiku wa kuamkia Septemba 15, 2025, mashindano ya dunia ya Tokyo, kadi ilinilipa. Mbio zilikuwa za kuviziana, hesabu inaonyesha kama saa 2:10, nikasema mapema kwamba mwendo huu unamfaa Alphonce Simbu, mtu wa subira, aliyechukua shaba London 2017 na kuwa wa pili Boston Aprili ileile ya 2025. Mita za mwisho uwanjani Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, Simbu anamjia, wanaukata mstari pamoja. Redioni ningepayuka. Kwenye televisheni nilifunga mdomo, maana jicho langu halikuweza kuwatenganisha, na kumtangaza bingwa kwa kubahatisha ni kumdhulumu mtazamaji. Jina la Simbu lilipotokea juu, wote wawili 2:09:48, tofauti sekunde 0.03, ndipo nikaiachia sauti yote: dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano hayo!

Simu zilizoingia asubuhi sikuweza kuzimaliza, na posho nayo ilipanda vizuri tu. Sasa nimeingia kwenye raga ya wachezaji 7 kila upande, dakika 7 kila kipindi. Mwamuzi wa kunifundisha nimeshampata, tunaanza Jumamosi.