Saksofoni ya alto: noti za chini zinazokataa nikiketi

Hatimaye noti za do na si za chini zimetii nikiwa nimeketi. Tangu kikundi chetu cha kanisani hapa Goma kilipoamua kwamba wapuliza ala wote wakae, ili maikrofoni zisihamishwe kila wimbo, noti tatu za mwisho za alto yangu zilikuwa zikipasuka na kurukia oktava ya juu, ilhali nikisimama zilitoka nene bila kusita.

Wenzangu walishuku tamponi, vile vifuniko laini vinavyoziba matundu ya ala. Niliingiza taa ndogo ndani ya ala gizani, nikafunga funguo zote, na hakuna mwanga uliopenya; isitoshe, tamponi inayovuja huvuja umesimama au umeketi. Basi mpango wa gamu, mazoezi ya kupanda na kushuka ngazi za noti, niliokuwa nimejiwekea nikauweka kando, nikaanza kukichunguza kiti.

Ni kile cha plastiki cheupe cha kila sherehe, ambacho sehemu yake ya kukalia imeinamia nyuma. Ukikikalia, nyonga inarudi nyuma, mgongo unapinda, tumbo linabanwa chini ya mbavu na kiwambo cha kupumulia kinakosa nafasi ya kushuka. Kichwa nacho kinaifuata beki, kipande cha kupulizia, huko chini, taya linaukandamiza ulimi wa mwanzi uliofungwa kwenye beki, na noti ya chini, ambayo inataka ulimi huo utetemeke kwa uhuru, inakatika.

Kwa fundi wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, niliomba vipande viwili vya mkaratusi vyenye unene wa sentimita tatu hivi, nikavipigilia mpira wa tairi kuukuu ili visiteleze, nikaviweka chini ya miguu ya nyuma ya kiti. Nikikaa ukingoni, nyayo zote zikiwa sakafuni na magoti yakiwa chini kidogo ya nyonga, mgongo unasimama wenyewe.

Ulibaki mkanda wa shingoni. Ala ikiwa kando ya paja la kulia, urefu ninaoutumia nikisimama unaiacha beki chini ya kidevu, kwa hiyo ni lazima niufupishe mpaka beki ije mdomoni huku kichwa kikibaki kilipo. Mikanda inayouzwa pamoja na ala za bei nafuu inaudhi mno: kifungo chake huteleza katikati ya wimbo, polepole kiasi kwamba hugundui mpaka noti ipasuke. Wangu nimeutia alama za uzi, mwekundu wa kusimama na mweupe wa kuketi, kisha nikakizuia kifungo kwa fundo.

Wanaosema saksofoni ni ya kupigwa wima wana hoja, kwani baada ya Adolphe Sax kupata hati ya uvumbuzi mjini Paris mwaka 1846, ilienea kwanza katika bendi za kijeshi. Sisi lakini tumeambiwa tukae.

Noti ya si bemoli, ile ya chini kabisa, sasa inatoka kwa nguvu, ila kwa sauti ndogo bado inagoma. Nikiiweka ala katikati ya mapaja inaitika mara nyingi zaidi, lakini kiwiko cha kulia kinabanwa ubavuni na kidole kidogo kinachelewa kufika kwenye ufunguo wa do. Gamu zitasubiri tena.