Bremen, Nilikokwenda Kutazama Tope

Nilitoka Hamburg asubuhi ya Julai, nimevaa fulana tu. Kwa garimoshi ni saa moja hivi hadi Bremen. Pale stesheni nikapanda tramu namba 6, nikakaa kwa raha zangu mpaka nilipoona ndege zinatua. Kumbe chuo kikuu nilikokuwa nakwenda kiko upande wa pili! Nikashuka, nikavuka reli, nikaanza upya.

Mwenyeji wangu, dada wa Mombasa anayesomea jiolojia ya bahari, alinipokea na makoti mawili mkononi. "Vaa, kaka. Huko ndani si mchezo." Nilicheka. Mlango ulipofunguliwa, kicheko kikaisha: ghala zima liko kwenye nyuzijoto 4, tope lisikauke wala kuota ukungu.

Ndiyo, tope. Zaidi ya kilomita 150 za tope, lililochomolewa na meli za utafiti chini ya Atlantiki, Mediterania na kwingineko, likakatwa vipande vya mita moja na nusu na kupangwa kwenye rafu hadi juu. Kila kipande kimepasuliwa katikati kama muhogo. Nusu moja ni akiba; nyingine imejaa vishimo vya watafiti waliokwisha kuchota sampuli zao. Nikaulizia la Bahari ya Hindi. Liko Kochi, Japani.

"Usinune. Leo nakuonyesha mto wako."

Akavuta kipande kilichochimbwa mwaka 1995 kusini mwa Kupro, mahali penye kina cha maji zaidi ya mita 2,500. Tope la rangi ya majivu, mara mkanda mweusi tii, kisha majivu tena. Mkanda ule unaitwa sapropeli, nao ni kazi ya Mto Nile.

Mhimili wa dunia huyumba kama pia ya watoto inayochoka. Takribani kila miaka 21,000, majira ya joto ya nusu ya kaskazini ya dunia huangukia wakati dunia iko karibu zaidi na jua; mvua za Afrika huzidi nguvu, na Nile hufurika. Maji yake matamu hutanda juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, hewa isifike chini. Viumbe wafao huzama bila kuoza vizuri, na hata minyoo ya kuvuruga tope haipo. Ndiyo maana ndani ya weusi ule niliona mistari myembamba, imetulia kama kurasa. Mkanda wa mwisho ni wa kati ya miaka 10,000 na 6,000 iliyopita, Sahara ilipokuwa na maziwa na viboko. Kwenye tope la rangi ya majivu, vumbi la Sahara ndilo linaloongezeka.

Akanitazamisha pia kwenye hadubini magamba ya foraminifera, viumbe vya baharini vya seli moja, madogo kama chembe za mchanga. Enzi za barafu, oksijeni nyepesi hufungiwa kwenye barafu za nchi kavu, bahari ikabaki na nzito zaidi, na gamba hujengwa kwa hiyo iliyopo; ndipo gamba husimulia barafu ilikuwa nyingi au kidogo. Hesabu zake zilinipita.

Mimi ni wa Musoma, kwa hiyo lazima niulize: na ziwa letu?

"Mafuriko mengi yalitoka nyanda za juu za Ethiopia," akasema, akiniangalia kwa huruma. "Ziwa lenu lenyewe liliwahi kukauka." Chini ya tope la Ziwa Victoria wamekuta udongo wa nchi kavu. Ni takribani miaka 15,000 iliyopita ndipo lilipojaa tena, likaanza kumwagia Nile.

Nikakumbuka mwaka 2020, maji yalipopanda hadi kwenye migomba ya baba. Jioni, ndani ya garimoshi, nikamtumia picha ya mkanda mweusi na maelezo marefu. Akajibu kabla sijafika Hamburg: "Mwanangu, umelipa nauli kwenda kuona tope? Hata hapa nyuma ya choo lipo."