Miji ya Mto Nile, na kwa nini Aswan naiweka juu ya Cairo

Nile nimeizunguka kidogo kidogo kwa miaka, mara kwa basi, mara treni, mara boti, na kila nikimwambia mtu ananiuliza swali lilelile, eti mji gani mkali kuliko yote. Mi najibu inategemea unapima na nini. Ukipima kwa mahekalu, Luxor imeshamaliza mchezo, hakuna wa kubishana nayo. Ukipima kwa msosi na makelele na vitu vya kufanya saa nane usiku, basi Cairo. Ila mimi nina kipimo changu cha kipekee kidogo, mji wa mtoni naupima kwa mtu asiye na hela. Yaani jioni hivi, mtu katoka kibaruani, mfukoni hana kitu, anataka tu akae karibu na maji apigwe na upepo kabla hajarudi nyumbani. Anapata pa kukaa? Au akifika anakutana na geti, ukuta, mlinzi na bango la hoteli?

Kwa kipimo hicho mpangilio wangu unakuja tofauti kabisa na wa vitabu vya watalii.

Tuanzie Jinja, Uganda, maana ndipo mto unapotoka ziwani. Jinja ina maji mazuri kuliko mji wowote niliouona kwenye mto huu, masafi, ya kijani, yanakwenda mbio, ukikaa kwenye boti pale Ziwa Victoria linapoishia unaona kabisa maji yameanza kuvutwa upande mmoja. Hapo ndipo Mwingereza Speke alipofika Julai 1862 akayaona maporomoko akayaita Ripon, ambayo leo huwezi kuyaona hata ukilipa, yalizama baada ya bwawa la Owen Falls (siku hizi Nalubaale) kufunguliwa mwaka 1954. Kuna sanamu ya Gandhi pale kando ya mto, maana sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Na ukiingia mjini, Main Street yote ni maduka ya zamani ya Wahindi, mengine yameandikwa mwaka juu ya paa, rangi imebabuka, baraza pana za kukaa. Wenyewe Amin aliwafukuza 1972, baadhi walikuja kurudi baadaye. Mi huo mtaa naweza kuutembea kutwa nzima.

Tatizo la Jinja ni kwamba mji umeupa mto mgongo. Soko, stendi, boda, vibanda vya rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), vyote viko kule, mto uko huku. Ukitaka kwenda majini unakuta bwawa, ambalo ukitoa simu upige picha unajitafutia balaa, au loji, au kambi za wazungu wa rafti na helmeti zao, au bustani ya chanzo cha Nile ambayo ina kiingilio. Halafu maporomoko ya Bujagali nayo yakamezwa na bwawa jingine, umeme wake ukazinduliwa 2012, kwa hiyo hata ile sehemu watu walikuwa wanakwenda kushangaa vijana wakiruka na madumu ikaondoka. Umeme tunauhitaji sana, sibishi. Lakini kwa mtu wangu asiye na hela, Jinja ni mji wa ziwa na barabara, mto anausikia tu.

Juba sina mengi. Nimepita, nimeona malori ya maji yakinyonya mto na kwenda kuuza majumbani, nimekula samaki chini ya mwembe, nimeongea Kiswahili sokoni bila shida maana wafanyabiashara wa Kenya na Uganda wamejaa. Mji unahangaika na mambo makubwa kuliko kumtafutia mtu sehemu ya kupunga upepo, kwa hiyo siuwekei alama.

Khartoum sasa. Hapa naomba mnivumilie.

Nilifika Khartoum kabla ya vita. Ni miji mitatu kwa kweli, Khartoum yenyewe, Omdurman na Bahri, mito ndiyo imeigawa, Nile Nyeupe inakuja taratibu kutoka kusini na Nile ya Bluu inashuka kutoka Ethiopia, zinakutana sehemu inaitwa Mogran. Ukisimama sehemu nzuri unaona maji ya rangi mbili yanatembea bega kwa bega kwanza kabla hayajakubali kuchanganyika. Kuanzia Julai mvua za Ethiopia zikishafika, ile ya Bluu inakuja na tope la kahawia na nguvu ya ajabu, mwaka 2020 ilipanda kupita mita 17 pale Khartoum, mafuriko ambayo wazee walisema hawajawahi kuyaona. Katikati kuna kisiwa cha Tuti, mashamba ya mboga na ndimu katikati ya jiji kuu, na watu wa Tuti wana utaratibu wao wa kukesha zamu ukingoni msimu wa mafuriko wanaangalia maji yanapanda wapi, ikibidi kijiji kizima kinatoka usiku kujaza mifuko ya mchanga. Daraja la kuwaunganisha na mji lilifunguliwa 2009, kabla ya hapo ilikuwa feri tu.

Ila kilichonimaliza ni Barabara ya Nile jioni. Akina mama wa chai. Mama mmoja ana jiko la mkaa, kabati dogo la mbao, na mstari wa chupa za kioo, iliki, karafuu, mdalasini, tangawizi kavu, minti. Mbele yake viti vifupi vya kusukwa, vimepangwa mpaka karibu na maji. Ukiagiza kahawa anakaanga buni palepale, anakusogezea kikaango unuse moshi, anaitwanga na tangawizi kwenye kinu kidogo, anachemsha kwenye jabana la udongo, na sukari anayoweka humo ni ya kumpeleka mtu hospitali. Unalipa kikombe kimoja, unakaa mpaka usiku mkubwa, hakuna anayekwambia agiza kingine au ondoka. Pembeni yangu kulikuwa na wanafunzi wa chuo wanabishana mpira, dereva wa rikshaw kavua viatu, mzee mmoja na mjukuu wake. Na hawa akina mama si kwamba waliachwa kwa raha, walishafukuzwa pale mara kibao na kunyang'anywa vyombo, wanarudi. Mimi nikasema huu ndio mji wa mto, umebuniwa na watu wenyewe, siyo na wizara.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza, jeshi la serikali na wanamgambo wa RSF, na sehemu zilezile za kukaa zikawa mstari wa mbele. Tuti ilizingirwa, watu wakaondoka. Jeshi lilirudi katikati ya mji Machi 2025 na picha zilizotoka za Barabara ya Nile sikuweza kuziangalia zote. Watu wameniambia niitoe Khartoum kwenye listi maana haipo tena kama nilivyoiona. Siitoi. Ni namba mbili yangu na itabaki hapo, mengine Mungu anajua.

Luxor, huko Misri, nitasema ukweli na najua nitaudhi watu. Hekalu la Karnak ni kitu cha kukufanya ukae kimya, zile nguzo mtu anajihisi sisimizi, na hekalu la Luxor lenyewe lina msikiti wa Abu Haggag juu yake, unaswaliwa mpaka leo, watu wameabudu sehemu moja zaidi ya miaka elfu tatu dini zikibadilishana zamu. Ile barabara ya masfinksi (sanamu za simba wenye kichwa cha mtu au kondoo), kilomita 2.7, inaunganisha hekalu hili na Karnak, waliifungua upya Novemba 2021 kwa shamrashamra. Ng'ambo ya magharibi ndiko makaburi ya wafalme, Tutankhamun alipofukuliwa 1922, na ukitoka mtoni kwenda huko unapita mashamba ya miwa ya kijani halafu ghafla, hatua moja tu, jangwa. Unaweza kuweka mguu mmoja kwenye mmea na mwingine kwenye mchanga mtupu.

Lakini mto? Mto wa Luxor umezibwa na meli za watalii. Zinaegeshwa ubavu kwa ubavu, nne, tano, sita, abiria wa meli ya mwisho anapita mapokezi ya meli za wenzake mpaka afike nchi kavu, na injini zinanguruma kutwa. Wewe uliyekaa kwenye benchi unaangalia madirisha ya vyumba vya watu. Ongeza na vijana wa farasi na boti wanaokufuata, hapana hawaelewi, nikasema sina hela wakacheka, nikasema mimi Mwafrika mwenzenu wakasema basi bei ya Mwafrika. Nilikuja kupata amani kwenye feri ya wananchi tu, ile inayovusha wafanyakazi na baiskeli na mafungu ya majani ya mifugo, nauli yake ni kama bure. Nilivuka kwenda na kurudi bila sababu yoyote.

Cairo ni habari ndefu, nitaifupisha kwa upande wa mto tu. Jiji la watu zaidi ya milioni ishirini ukihesabu na vitongoji, na ukitembea kando ya Nile kilomita nzima unaweza usiyaone maji. Klabu ya maofisa, klabu ya majaji, klabu ya wahandisi, hoteli, mgahawa unaoelea, ukuta, ukuta, ukuta. Miaka ya karibuni wamejenga njia mpya ya kutembea chini karibu kabisa na maji, nzuri kweli, taa, mabenchi, ila kuna sehemu unalipia.

Kwa hiyo wananchi wa Cairo wamefanya nini? Wamehamia juu ya madaraja. Nenda Qasr el-Nil saa nne usiku, lile lenye simba wanne wa shaba, utadhani kuna sherehe. Viti vya plastiki vimepangwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, mahindi ya kuchoma (ndiyo, mahindi ya kuchoma kabisa, yanapepewa na kipande cha boksi), chai, wachumba wameegemea vyuma wameangalia maji ili wasiangaliane, maharusi wanapiga picha gari zikipiga honi, na chini zinapita boti za taa za rangi zote na muziki unaopasua spika. Nikampenda sana Mmisri hapo. Umemfungia ukingo, kaenda kukaa juu ya barabara.

Na kama uko Cairo usiache kwenda kisiwa cha Roda kuona kile kipimo cha mto cha mwaka 861. Ni shimo la mawe lenye nguzo katikati iliyochongwa alama za dhiraa, maji ya mto yalikuwa yanaingia na kupanda, yakifika dhiraa kumi na sita hivi wanajua mwaka ni wa neema na kodi inakadiriwa kulingana na hapo. Yakiwa pungufu ni njaa, yakizidi sana ni mafuriko. Watalii wengi wanapita tu kukimbilia piramidi, nilikuwa peke yangu mle na mlinzi.

Haya, Aswan. Meli za watalii zipo na Aswan pia, wauza viungo wanaokuita rafiki wapo, joto la kukausha mate lipo. Tofauti ni umbo la mto. Hapa ndipo penye poromoko la kwanza, mto umepasuliwa na miamba ya matale meusi, mviringo mviringo, na visiwa, kwa hiyo ukingo haumaliziki, kila upande una ukingo wake, huwezi kuuzibia wote hata ukitaka. Kisiwa cha Elephantine kina vijiji vya Wanubi ndani yake, vichochoro vya udongo, milango ya bluu na njano, watoto wanakimbiza mbuzi, na kivuko kinakuvusha kwa nauli ya wenyeji, wanawake wanakaa upande wao na wanaume wao. Mtu wangu asiye na hela anavuka, anakaa chini ya mtende, anaweka miguu majini. Amemaliza.

Feluka je. Sisi wa pwani tukiziona tunajisikia nyumbani, tanga moja kubwa la pembetatu kwenye foromali ndefu, ila ujanja wake ni kwamba upepo hapa kwa kawaida unatoka kaskazini na maji yanakwenda kaskazini, kwa hiyo kupanda unatweka tanga, kushuka unaachia mkondo ukubebe. Nahodha aliyenichukua alikuwa Mnubi wa makamo, nikamwita ammu, yeye akaniita ibni, yaani mwanangu, akawa anasukuma usukani kwa goti huku anakunywa karkade, yaani juisi ya choya. Tukiwa katikati akaja mtoto kwenye kibao, anapiga makasia kwa viganja, akashika ubavu wa chombo akaanza kuimba kwa Kifaransa, alipoona siitikii akabadilisha Kihispania. Ammu akamwambia kitu kwa Kinubi, dogo akacheka akaachia.

Ng'ambo juu ya kilima linaonekana kaburi la Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia, ndiyo, yuleyule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Alikuwa anakuja Aswan msimu wa baridi, alivyofariki 1957 ikaamuliwa azikwe hapo.

Halafu kuna bwawa lenyewe, lile kubwa, lililojengwa 1960 hadi 1970. Limewapa Misri umeme na limemaliza mafuriko, ile nguzo ya Roda haina kazi tena. Na limewaondoa Wanubi makumi ya maelfu kwenye vijiji vyao, Misri na Sudani zote mbili, vikabaki chini ya ziwa. Hekalu la Abu Simbel lilikatwa vipande likapandishwa juu, dunia nzima ikachangia. Nilimuuliza ammu nyumba za kwao ziliko, akaelekeza kidole kusini, akasema baba yake alikuwa anaweza kutaja kila mtende.

Kwa hiyo mpangilio wangu: Aswan, Khartoum, Cairo kwa sababu ya madaraja yake, Jinja, Luxor mwisho. Watu wa Jinja msinirukie, mkinifungulia ukingo nitawapandisha. Anayetaka kwenda Aswan aende kati ya Novemba na Februari, maana Juni joto linapita digrii arobaini kirahisi, na akitokea Luxor achukue treni ya mchana, ni kama masaa matatu, akae dirisha la upande wa kulia kuelekea kusini ndio wenye mto.