Uzi wa Mama kutoka Nairobi hadi New York

Tiketi ya Mama ilionyesha anaondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25. Akahesabu kwa vidole, akaridhika. "Saa saba tu? Mbona basi la Mombasa hunikalisha zaidi ya hapo!"

Ilikuwa Januari, naye anakwenda kumwona mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu. Nikamweleza kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mahali penyewe. Ikiwa 06:25 kule, hapa kwetu Umoja, Nairobi, ni saa nane na dakika 25 mchana, kwa kuwa wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Kumbe atakaa angani saa 15. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo ndege inazungukia wapi?"

Haizunguki popote. Tangu Oktoba 2018 kuna ndege ya moja kwa moja. Lakini swali lake lilinikera, kwa sababu nilipoweka rula kwenye ramani ya ukutani ilipita juu ya Nigeria, na sikuiamini. Nikachukua tufe la shule la binti yangu na uzi mweusi kutoka kikopo cha Mama cha kushonea. Nikabana ncha moja Nairobi kwa kidole gumba, nyingine New York, nikauvuta hadi ukakaza. Uzi ukaiacha Nigeria kabisa! Ulipanda kupitia Chad na jangwa la Sahara, ukatokea Morocco, ndipo ukaingia Atlantiki. Marubani hawaufuati kama reli, lakini njia fupi ndiyo hiyo.

Uzi ulikuwa sentimita 28, na tufe lina mzingo wa 94. Dunia ni kilomita 40,000 kuizunguka, kwa hiyo nikapata karibu 11,900. Hesabu ya kitaalamu hutoa 11,800 na kitu. Kwa uzi wa kushonea, sikujilaumu. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa hiyo ni saa 13, na zinazobaki huliwa na kupaa, kutua, na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi. Wakati wa kurudi upepo huohuo huisukuma ndege mgongoni.

Alirudi Aprili, tarehe ikiwa imebadilishwa, na tiketi mpya sikuiona. Kaka alituma ujumbe tu: wameruka saa sita na nusu mchana. Nikaongeza saa nane za tofauti, nikaongeza 14 za safari, nikapata saa nne na nusu asubuhi. Nikanywa chai taratibu. Nilisahau kwamba Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikabaki saba.

Nilimkuta ameketi juu ya sanduku, koti zito la baridi bado mwilini, jasho likimtiririka.

"Mwanangu," akasema, "uzi wako umekatikia wapi?"