Mahojiano hutangulia mahojiano

Wiki iliyopita nilitafsiri sentensi moja, nikaisoma kwa sauti, nikacheka peke yangu: "Mahojiano hutangulia mahojiano." Ndiko kamusi ilikonifikisha. Matini yenyewe ni mwongozo wa mafunzo ya wapelelezi, na Kiingereza chake kina maneno mawili, interview na interrogation. Sura nzima imejengwa juu ya tofauti yao. Mimi mkononi nilikuwa na neno moja.

Tofauti hiyo si ya kupuuza. Katika mbinu ya Reid ya kuhoji watuhumiwa, yenye jina la John Reid, askari wa zamani wa Chicago, kwanza mtu huongeleshwa bila kushutumiwa: ulikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Hapo mhojiwa ndiye anayesema zaidi. Ikifika ile hatua ya pili, ndiyo interrogation, mpelelezi ameshaamua kuwa huyu ndiye. Anachotaka ni kukiri, na sasa msemaji ni yeye. Kila "si mimi" anaikatiza. Maswali yenyewe machache.

Sasa litazame neno letu. Mahojiano lina ile -an- ya kutendana, sawa na mapigano na mapatano. Kwa umbo lake, huyu anahoji na yule naye anahoji. Kwa mwanahabari na mgeni wake, sina ubishi. Lakini tukisoma kwamba mtuhumiwa "anashikiliwa kwa mahojiano", hebu niambie yeye anamhoji nani.

Nikajaribu usaili, unanukia maombi ya kazi, vyeti na viatu vilivyong'arishwa. Kudodosa ni kupole mno. "Kuwekwa kiti moto" ndicho hasa kinachotokea, na kwenye riwaya ningeliandika bila kupepesa macho, ila mwongozo haulibebi.

Kilichonichelewesha zaidi ni kesi ya Rhode Island dhidi ya Innis, ya mwaka 1980. Mtuhumiwa yumo garini na polisi, ameshasema anataka wakili. Askari wawili wanaongea wao kwa wao: hapa karibu kuna shule ya watoto wenye ulemavu, Mungu apishe mbali mmoja wao asije akaiokota ile bunduki inayotafutwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akadakia mwenyewe: rudini, nitawaonyesha ilipo. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema interrogation si maswali peke yake. Ni pamoja na maneno au vitendo ambavyo polisi wanapaswa kujua vinaelekea kumtoa mtu jibu la kumtia hatiani. Halafu ikaona kwamba maongezi yale ya garini hayakufika huko. (Ningekuwa jaji, ningesita.) Kwa hiyo hata kuhoji, neno lililojaa kuuliza, halienei pote.

Uingereza na Wales walilikwepa tatizo: tangu miaka ya 1990 polisi wao hufundishwa mtindo uitwao PEACE, usiokimbilia kukiri, na neno interrogation wakaliweka kando. Ningekuwa natafsiri mwongozo wao, mahojiano yangetosha na ningelala mapema.

Mwishowe niliandika: "Mtu hufanyiwa mahojiano kwanza, kisha huhojiwa kwa shutuma." Imerefuka, na mhariri ameshaipigia mstari mwekundu, anataka nomino kwa nomino. Ile "kwa shutuma" tutajadiliana. Ile -w- ya kutendwa siitoi.