Dafu la mwanangu na panya wa Edinburgh

Juzi mwanangu kamaliza dafu akabaki anauvuta mrija kwa nguvu, krrr krrr, nikajikuta namwambia taratibu baba, utaipasua. Kaniangalia. Nitapasua nini, mama?

Maneno ya maabara ya Edinburgh hayo, kule Uskoti. Baridi yote ile kazi yangu ilikuwa kipande cha ubongo wa panya, unene wake theluthi ya milimita hivi, kiko kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni kisife. Unasogeza kibomba cha kioo chenye ncha usiyoiona kwa macho mpaka kiguse seli moja, halafu unanyonya kwa mdomo kupitia mpira. Kidogo tu, ukizidisha imepasuka, anza upya. Mi nilipasua wiki nzima.

Baadhi ya wale panya walizalishwa bila jeni ya FMR1, ile ya frajaili X, hali ya kurithi inayoathiri ukuaji wa akili. Protini yake ndo breki pale seli zinapopeana habari, isipokuwepo protini zingine zinatengenezwa tu ovyo. Panya yupi ni yupi huambiwi mpaka vipimo viishe, usije ukajidanganya.

Usiku mmoja seli ikashika. Sikupumua. Nikaifungua, nikaipa umeme kidogo, spika inayogeuza umeme wa seli kuwa sauti ikaanza: tk. Tk. Tktktktk. Kimya. Tktktktk tena. Jamani, nikamsikia kaka kabisa, na simu zake za "umekula? umekula umekula?" huku viganja vinapepea, nikaapa moyoni huyu ni panya wa kina kaka, nikamchorea na nyota kwenye daftari.

Orodha ilipofunguliwa, kumbe mzima. Mzima kabisa!

Na zile dawa za kuzuia mGluR5, kipokezi kimoja cha seli za ubongo, zilizowasaidia panya wasio na jeni, kwa watu hazikufua dafu (samahani, dafu tena).

Kaka hajapimwa mpaka leo. Ni damu tu, wanahesabu herufi CGG zimejirudia mara ngapi, zikipita 200 jeni inazimika. Ila mtoto wa kiume X yake anaipata kwa mama, na mama yetu mashangazi wameshamsema miaka 30, mara alikula nini ana mimba, mara majini ya kwao, sasa mimi niende na karatasi ya maabara nimwambie nini? Halafu mi ni binti yake, na huyu wa mrija ni wangu.

Nikamnunulia dafu la pili.