Palizi inahusiana nini na mguu?

Jumapili usiku. Nimegombana na ndugu zangu kwenye grupu la WhatsApp, na bado sijajuta.

Kaka yangu analima huko Chamwino, Dodoma, uwele wa kula na alizeti ekari 3 za kuuza. Mwanawe wa pili ana miaka 7 na matege. Mama alitutuliza kwamba watoto wote huanza hivyo. Ni kweli, wengi huanza hivyo, ila wakifika miaka 3 au 4 miguu inakuwa imenyooka. Yake ilizidi kupinda, nasi tukazidi kungoja. Tungemleta kabla hajatimiza miaka 5, sera ya matibabu bure ingembeba. Hilo linaniuma, maana mimi ndiye ninayekaa mjini.

Daktari aliangalia picha, akasema mfupa utakatwa chini ya goti, unyooshwe, kisha afungwe plasta wiki 6 au zaidi. Tarehe: mwishoni mwa Januari.

Asiyelima Dodoma haoni tatizo hapo. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili basi. Mwishoni mwa Januari watu wako shambani na majembe. Wifi ndiye atakayelala na mtoto wodini, na wifi huyohuyo ndiye jembe la pili la nyumba ile. Majani yakiimeza alizeti, mwezi wa tano watavuna nini? Na hela za kliniki za baadaye zitatoka wapi?

Kwa hiyo kwenye bajeti ya mchango, baada ya upasuaji, nauli na chakula cha wifi, nikaandika: vibarua wa palizi, ekari 3.

Binamu yangu akauliza, "Dada, palizi inahusiana nini na mguu?" Mwingine akatupia emoji ya kucheka. Hawa hawa mwezi wa tisa walichangia harusi bila kuuliza mapambo ya ukumbi yanahusiana nini na ndoa! Nikaandika hivyo hivyo. Grupu likanyamaza kama saa nzima.

Kisha baba mdogo, ambaye huwa haandiki kitu humo, akatuma 50,000 na maneno mawili: "Ya palizi."

Nikampigia kaka. Hakuuliza zimefika ngapi. Aliuliza kama huku mjini imeshanyesha.